Majani ya Mistari Mpakani

Nyamugari, Jumatano

Na mi siyo mjinga. Miti ya mpaka marehemu mume wangu aliipanda yote kijani, leo mmoja iko na majani ya mistari myeupe. Nikajua jirani yangu Hamisi, yule aliyehamia kutoka Gashoho, ameng'oa wetu akapanda wake, ndani ya kiwanja changu, apate nafasi ya kuongeza jiko lake.

"Bibi, majani yanageuka yenyewe," Hamisi akasema. "Kwa Kifaransa wanaita panashe, majani ya rangi mbili."

"Mi naita wizi," nikamjibu.

Nikachukua jembe, nikafukua mbele yake. Mzizi mnene kama mguu wangu, na tawi la mistari limetoka kwenye shina lilelile alilopanda mume wangu. Hamisi akaanza kurudishia udongo kwa mguu.

Radhi sikumwomba. Nimefunga uzi mwekundu kwenye kila mti, mpaka barabarani, nijue kama kuna utakaobadilishwa.