Kibao cha Mlangoni: Kwako, Mwalimu Kikapu

Mwaka umezunguka, binti yangu, tangu asubuhi ile ulipokaa kwenye ngazi ya mlango ukivaa viatu vya kazini, ukasema kifua kimekubana, na kiatu cha pili hukukivaa. Tulikukimbiza hospitali. Daktari alifanya alichoweza, hatuna ugomvi naye. Tulirudi nyumbani bila wewe.

Ulikuwa mwalimu wa chekechea na hukutaka kuwa kingine. Nilipokusumbua ujiendeleze, ulinijibu, "Mama, diploma yako ya ushonaji iko ukutani. Wanangu mimi wako sakafuni, wananisubiri." Ulizungumza na watoto ukiwa umepiga magoti, ndiyo maana suruali zako zote zilitoboka magotini, na mimi ndiye niliyezitia viraka. Nilikuwa nalalamika. Sasa nimebaki na viraka vilivyokatwa tayari, sina suruali ya kuvitia.

Uliimba vibaya. Hilo lazima lisemwe. Watoto walikupenda hivyohivyo.

Kilichokukosesha usingizi ni usaili wa shule yenu. Mtoto wa miaka minne anakalishwa mbele ya picha: friji, pasi, mwavuli, kinanda. Akizitaja, anapokelewa. Asipozitaja, mzazi anaambiwa, "Hayuko tayari, mrudishe mwakani." Mwakani anarudi, picha ni zilezile, na kwao friji bado haijanunuliwa. Ulikuwa unasema hata wasijisumbue na picha, wawaulize tu wazazi wanaishi wapi, jibu litakuwa moja.

Basi ukaanza kubeba kikapu. Kila Jumamosi ulikaa kwenye kibaraza cha fundi viatu aliye mkabala na geti la shule, ukawakusanya watoto waliorudishwa na wadogo zao, ukawatolea vitu vyenyewe wavishike. Vitu vyetu. Nilikuwa nazunguka nyumba nzima na gauni la mteja mkononi.

"Pasi yangu iko wapi?"

"Imeenda shule, mama."

"Imefaulu?"

"Imewasaidia wenzake."

Baba yako siku moja aliingia amelowa chapachapa, akasimama mlangoni anachuruzika. "Mwavuli wangu unafundisha," akasema, "mimi nanyeshewa." Friji haikuingia kikapuni, kwa hiyo uliwaleta watoto kwangu. Wakafungua, wakatia mikono ndani, wakapiga kelele za baridi, na mmoja akaniuliza nani hulala humo. Hapo ndipo mtaa mzima ulipoanza kukuita Mwalimu Kikapu.

Halafu ukarudi Jumamosi moja. Ulitua mzigo wako jikoni ukasema, "Mama, nafanya upuuzi."

"Upuuzi gani? Si wanafaulu?"

"Wanafaulu hawa ninaowafikia. Wengine je? Na kwa nini mtoto ajifunze friji kwanza ndipo akaribishwe? Yule mdogo anayekaa nyuma anajua kumbembeleza ndugu yake mpaka alale. Hakuna picha ya kumpimia hilo."

Ukaomba kamati ya shule ikutane, usaili uondolewe, watoto wapokelewe kwa umri wao tu. Mwalimu mkuu alikubali kuitisha kikao. Ulijiandaa hapa jikoni, mimi namenya vitunguu, nikiwa ndiyo kamati. Nilikubana kwelikweli.

"Na hawa wasiojua chochote tutawaweka wapi?"

"Kwenye viti, mheshimiwa. Viti vipo."

"Na wazazi wanaolipa wakilalamika?"

"Waje tuwafundishe na wao."

Nilicheka mpaka nikashindwa kujua machozi yapi ni ya vitunguu. Ulikuwa tayari, mwanangu. Ungewashinda.

Kikao kilikuwa kiwe wiki ile uliyofariki. Kamati yote ilikuja msibani. Walisema maneno mazuri, wengine walilia, na sidhani walikuwa wanaigiza. Wakatutangazia kwamba kikao kimeahirishwa kwa heshima yako. Heshima hiyo inaendelea mpaka leo. Na kibaraza cha fundi viatu kimekaa kitupu Jumamosi zote, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye atakayekwenda.

Baadaye shule ikatuambia inataka kukipa chumba kimoja jina lako. Unamjua baba yako, mbao ndiyo lugha yake. Alikataa wasinunue kibao, akakichonga mwenyewe, herufi moja moja, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama sabuni. Tulikwenda wote tumevaa vizuri. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi mpya, kina meza na viti vidogo, basi. Mumeo alivuta kitambaa, tukapiga makofi. Familia yetu ina midomo, lakini siku hiyo hakuna aliyeuliza chumba ni cha kazi gani.

Tulijua tulipompeleka mwanao kuandikishwa. Tuliambiwa tusubiri kwenye benchi, nikainua macho, nikaona jina lako juu ya mlango wa usaili.

Pembeni yetu alikaa fundi viatu na binti yake wa mwisho, yule aliyekuwa akishika suruali yako pale kibarazani, enzi hizo bado mdogo mno kufundishwa. Aliingizwa pamoja na mwanao. Walipotoka, mwanao alikuwa anarukaruka.

"Bibi, nimezijua zote!"

"Na mwenzako?"

"Friji kasema kabati. Kinanda kasema meza." Akamgeukia yule mtoto. "Wewe utakuja lini?"

Mtoto akamtazama baba yake. Fundi viatu akajikaza kutabasamu. "Wamesema mwakani, mama," akaniambia, kisha akainua macho kwenye kibao, akayashusha haraka, kama mtu aliyechungulia chumba cha watu. Hakunilaumu kwa lolote. Heri angenitukana.

Tulikwenda kwa mwalimu mkuu, mimi na baba yako, hapohapo.

"Mwalimu," nikamwambia, "unawarudisha watoto nyumbani kwa jina la mwanangu?"

"Mama, tafadhali keti. Kile kibao ni heshima."

"Kwa nani?"

"Kwa marehemu."

"Marehemu alitaka usaili ufe. Alikuambia humu humu ndani."

"Najua alichotaka. Hata mimi nilikuwa upande wake. Lakini kamati..."

"Kamati ikae."

"Itakaa, mama."

"Lini?"

Akaanza kuipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza.

Baba yako alinyanyuka, akatoka, akamwomba mlinzi bisibisi. Tulimkuta ameshapanda juu ya kiti cha watoto, kinayumba, anafungua skrubu alizozikaza mwenyewe. Nilidhani mwalimu mkuu atamzuia. Alikuja, akainama, akashika miguu ya kiti asianguke. Mlango ukabaki na matundu mawili.

Baba yako alimwambia jambo moja tu akishuka: "Siku mtoto yeyote akipokelewa hapa bila kuulizwa picha, niite. Nitakuja kukirudisha, na skrubu nitanunua mimi."

Ningependa kukuambia kwamba ameitwa. Hajaitwa. Usaili unaendelea katika chumba kisicho na jina. Nimekwenda kwa wajumbe wa kamati mmoja mmoja, kwenye ofisi zao na nyumbani kwao. Wananikaribisha, wanakusifu, wananipa pole, na tarehe hawanipi. Nimechoka kupewa pole. Nikipewa pole nyingine nitairudisha.

Mwanao anasoma pale. Tulikaa tukabishana usiku na mchana tumwondoe au tumwache, na mwisho tukamwacha, kwa sababu hakuna shule nyingine karibu. Asubuhi anapita mbele ya kibaraza, anampungia mkono binti wa fundi viatu, naye anampungia, akiwa amekaa kwenye boksi pembeni ya baba yake. Kisha geti linafungwa. Mmoja ndani, mmoja nje. Naliona hilo kila siku nikimsindikiza, na kila siku nafikiria kwamba ungepata wiki moja tu zaidi, wote wawili wangekuwa ndani. Siwezi kulizoea, mwanangu. Sitaki kulizoea.

Sina habari njema ya kukuletea leo, na kukutungia sitakutungia. Ulichukia kudanganywa tangu mdogo.

Wanaokukumbuka ni mimi mama yako, baba yako fundi seremala, mumeo, ambaye bado anaitikia simu kwa sauti ya chini kana kwamba umelala, mwanao, mdogo wako wa kiume na mkewe, shangazi yako, aliyekufundisha kuimba na anayekubali lawama, wakwe zako, majirani, na watoto wote wa Jumamosi pamoja na wazazi wao.

Siku zote uko nasi, Mwalimu Kikapu, hata pale ambapo jina lako tumelishusha kwa mikono yetu wenyewe.