Rubani Amerudi

Kwako mwanangu,

Pokea salamu zangu mimi mama yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani huko kazini? Unakula? Unalala vya kutosha? Kile kikohozi kilikwisha, au ulinyamaza tu ili nisikuulize? Sisi huku hatujambo. Mdogo wako hajambo, anakusalimu, anasema yale magauni uliyoacha sasa yanamtosha na usiyadai. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu sana, mguu wake umepata nafuu. Hata paka hajambo, kazaa tena ndani ya kabati lako. Baba yako naye yupo.

Unisamehe kwa mwandiko, unajua shule yangu iliishia wapi. Simu ningepiga, lakini nyumba yetu unaijua, ukinong'ona jikoni anasikia aliye sebuleni, na haya ya leo sitaki yasikike.

Ule mchezo wenu wa televisheni, wa chombo cha angani, wameurudisha. Ule uliomfanya baba yako akuite Rubani, na mpaka leo jina lako la kweli halitoki mdomoni mwake. Zamani nilikuwa napita tu na ndoo yangu nikiwacheka mlivyokodoa macho. Sasa kila Jumamosi jioni nakaa na baba yako na mdogo wako mpaka mwisho, na fundi cherehani huja na kiti chake.

Mwanangu, watu wale hawafagii. Chombo kikubwa vile, sijaona ufagio hata mmoja. Fundi cherehani yeye anahangaika na nguo zao, anasema hazina mfuko, sasa funguo wanaweka wapi. Mdogo wako akamjibu kuwa milango yao inajifungua yenyewe, funguo za nini. Fundi akasema ndiyo maana kila wiki wanavamiwa. Na lile dude la macho matatu, lililokuwa likikukimbizia nyuma ya kiti, nimeliangalia vizuri. Ni mtu kavaa pazia.

Baba yako hutuambia tunyamaze, halafu huniuliza kuna nini hapo. Lugha yao yeye anaielewa, mimi siielewi. Mimi naona picha, yeye haoni.

Basi nimeshaandika. Baba yako haoni, mwanangu. Ilianza kidogo kidogo, akawa anapiga vikombe kwa kiwiko. Baadaye akaunga nyaya za redio ya mteja ovyo mpaka ikatoa moshi, yeye ambaye redio zimemlea. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Kile chumba chake cha kutengenezea redio kimefungwa. Aliniapisha nisikwambie. Alisema yeye ndiye aliyekuambia siku ile mliyogombana kwamba ukitoka usirudi, sasa akuite kwa uso gani.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Rubani wa kwenye mchezo alikuwa ameachwa peke yake kwenye nyota moja ya vumbi, na kila wiki baba yako alikuwa akiuliza kama wamemfuata. Jumamosi iliyopita dawa zikamlaza kitini mapema, na ndiyo siku aliyorudi rubani. Nililia kama mtoto. Fundi cherehani akaaga, mlango ukalia, baba yako akashtuka usingizini akauliza, Rubani amerudi? Mimi bado nafuta machozi, nikamjibu amerudi, kachoka lakini mzima. Kisha akasema tumwache alale, safari ilikuwa ndefu. Nikadhani anatania, nikacheka.

Asubuhi nikamkuta amejinyoa mwenyewe, kidevu kinatoka damu. Amevaa lile shati jeupe, vifungo vimepishana, amekaa mbele ya mlango wa chumba chako, anaongea na mlango. Alikuwa anakuambia kwamba neno lile lilikuwa la hasira, hakulala nalo vizuri hata siku moja. Akakuambia mchezo wenu umerudi, ila mama yako anamsimulia vibaya, kila saa ufagio, ufagio. Mdogo wako, anayelala humo siku hizi, alikuwa ndani, kajiziba mdomo kwa shuka.

Nilipaswa kumwambia kweli. Nilisimama pale na birika mkononi. Nikamwambia umetoka mara moja. Jana akauliza tena, nikasema umelala kwa shoga yako. Kila hatua ikipita nje, anageuza uso mlangoni na kujinyoosha kola.

Wote wanakusalimu tena, na mimi nakukumbatia. Usijisumbue na barua ndefu. Niandikie siku utakayofika tu, uipitishe kwa fundi cherehani. Lakini fanya upesi, mwanangu, maana shati lile hataki kulivua.

Ni mimi,
Mama yako