Mlango wa Jikoni kwa Mama Yako

Msuka,
Pemba.
30 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Ruweida,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, hawajambo watoto, na baba yao Fahmi mgongo wake umetulia? Sisi huku tu wazima. Macho yangu yamepungua nguvu, ila ulimi, kama Zubeir anavyowaambia watu, haujaumwa hata siku moja.

Masika yamekwisha na mikarafuu imeanza kuonesha dalili njema. Tusubiri, maana mkarafuu ni mwongo.

Kanga ulizoniletea kwa sikukuu zimefika, na hizo ndizo zinazonifanya nikuandikie. Simu ninayo, lakini kwenye simu ungenikatiza kwa adabu zako, nami ningepata pa kujificha.

Kila mwaka unaniletea doti, unasema ni shukrani kwa kumwosha mama yako. Mimi sikumwosha. Dada yangu wa tumbo moja alifariki nyumba ya tatu kutoka kwangu, mimi mwosha maiti wa kijiji kizima, na sikwenda.

Wewe ulikuwa Tanga, umeshaolewa, kwa hiyo nikueleze. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi askari walipita wakachukua vijana, mwanangu Zubeir akiwa mmoja wao. Alirudi siku ya kumi na moja, goti halikunjiki. Watu wakasema majina yametoka kwa shemeji yangu, baba yako, Mzee Nyange. Nani alimsikia akiyatoa? Hakuna. Lakini tuliamua: dukani kwake haendi mtu, salamu yake haijibiwi, msiba wake hauendewi. Katika kuamua huko mimi nilikuwa mbele. Hasira yangu ilikuwa na sababu, na mpaka leo siikani.

Miezi mitano baadaye mama yako akafa kwa homa. Ubao wa kuoshea maiti ulikuwa ukikaa kwangu, chumba cha uani. Baba yako akaja mwenyewe kuuomba, akasimama nje kwenye jua. Nikamwambia ufunguo umepotea. Nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kanga niliyoivaa.

Basi wakang'oa mlango wa jikoni, wakamlaza juu yake. Ulipokuja kwenye arubaini uliuliza kwa nini umepinda, ukaambiwa ni mvua. Aliyemwosha ni Bi Mwanawema wa Konde na binti yake, wale tuliokuwa tukiwaita watu wa bara ingawa babu zao wamezikwa kisiwani humu humu. Walisikia kuna maiti haina mwosha, wakapanda gari wakaja.

Wewe ulipofika ulinishika mikono ukanishukuru, kwa kuwa ungemdhania nani mwengine? Baba yako alikuwa pale pale. Alinitazama, akanyamaza, na amekufa hajakwambia. Mtu tuliyesema ana mdomo wa kutaja majina, langu hakulitaja.

Sasa, mwezi uliopita watu wa tume ya kuchunguza fujo zile walikuja Konde kuchukua maelezo ya miaka ile. Zubeir alikwenda, nikamsindikiza. Alieleza kwa utulivu, akapandisha suruali, goti likapigwa picha. Aliyekuwa akiandika ni msichana mpole wa Unguja. Alipomaliza kwa Zubeir akanigeukia: "Na wewe bibi, ulitendewa nini?"

"Mie sikutendwa, mwanangu. Mie nilitenda."

Akaipindua karatasi mbele na nyuma, akasema ile ni ya waliotendewa tu.

"Basi karatasi yenu ino haina pahala pa ntu kama mie?"

Akasema atawauliza wakubwa wake, akaniletea chai. Nikanywa, nikarudi nyumbani. Habari ya ufunguo hata Zubeir nilikuwa sijamwambia.

Watu wa tume siwalaumu. Wanawatafuta waliotupiga, na ni haki watafutwe. Lakini hakuna askari aliyenishika mkono siku ile ya ufunguo. Karatasi yao ikiwa haina nafasi, hii yangu inayo. Hata kama mume aliyataja majina, mke hakutaja la mtu. Nilimdhulumu dada yangu, na nilikudhulumu wewe kila nilipopokea ahsante yako. Naona haya, Ruweida.

Kanga zako zote zimo sandukuni, sijajifunga hata moja. Ukiridhia, Zubeir atazipeleka kwa Bi Mwanawema. Yu hai, hasikii vizuri, lakini ukimpigia simu binti yake atamfikishia.

Zubeir na mkewe Ummkulthum wanakusalimu sana. Nisalimie Fahmi, na Khairiya mwambie bibi yake anamwombea kwenye mtihani wake. Mungu awahifadhi nyote, na kaburi la mama yako alijaze nuru.

La mwisho. Mwosha huoshwa, na mimi siku zangu zimekaribia. Nimemwagiza Zubeir nikifa akupigie wewe kabla ya mtu yeyote. Ubao upo, na ufunguo siku hizi nimeutundika nje, kila mtu anauona. Ukija kuniosha, uje. Usipokuja sina la kudai. Jikoni kwangu pia kuna mlango.

Wako akupendaye,
mama yako mdogo,
Zulekha