Mechi ya Tano

Jumatatu, 7 Novemba 2022

Pua imevunjika. Tena! Kwenye mpira wa Kimarekani, sisi tusiocheza mechi nyingi kazi yetu ni kuvaa namba za adui mazoezini ili wakubwa wapate watu wa kuponda. Leo nilivaa namba ya mtu wa Marlow, chuo hasimu. Babu akanijia kutoka upande nisiouona, nikasikia kitu kikilia "kwa!" ndani ya kichwa. Damu hadi kitovuni.

Akaniinamia, anacheka. "Si ulikuwa unauliza jezi nyekundu iko wapi, dogo? Ndiyo hiyo sasa."

Hakuna jezi nyekundu yoyote kabatini. Ni jina tu la mwaka wa kungoja. Chuo kinakupa miaka mitano, ya kucheza ni minne. Mwaka ule mmoja unakula, unanenepa, unapigwa.

Babu ni Keldrick Sims. Ana miaka ishirini na mitatu, ila huu ni mwaka wake wa tano na ndevu zimejaa. Anacheza nafasi ninayoitaka mimi. Nampenda, na kuna siku natamani kumng'ata.

Jumatano, 9 Novemba

Mama amepiga akitoka zamu, kiwanda cha kuku. Swali lake ni lile lile: wameshakuchezesha mechi ngapi? Nne, Mama. Nne zinaruhusiwa, ya tano inakula mwaka mzima.

Kocha Ragsdale alikaa jikoni kwetu, akala kambare wa kukaanga wa Mama mpaka akalamba vidole, akamwahidi: Tavian atasoma miaka mitano, yote italipwa, atatoka na shahada ya uhandisi. Mama aliyaamini maneno hayo kuliko mahubiri. Mimi pia.

Lakini nisiseme uongo hapa. Nataka kupiga mtu! Miezi yote hii mazoezini napigwa tu. Nimejaa hasira mpaka kooni.

Alhamisi, 17 Novemba

Mkutano na Bi Ottley, yule mama wa ofisi ya sheria za michezo. Akarudia kwa ajili ya vichwa vigumu: ukiwa uwanjani mpira ukianza, hata mara moja, hata kwa kupumua mara mbili, hiyo ni mechi nzima.

Nikauliza, "Na nikiingia mpira umesimama?"

"Kufanya nini?"

"Kupigana."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bi Ottley akavua miwani. "Kupigana si kucheza, mwanangu. Utafukuzwa tu, uende ukaoge."

Babu akanipiga kofi la kisogo. "Bondia wetu huyu, na pua yake ya viazi!"

Ijumaa, 18 Novemba

Mchezaji wa akiba wa Babu ameteguka bega. Kocha kaniita, kafunga mlango. Kesho ni Marlow, nikae tayari. Nikamkumbusha alichomwambia Mama. Akasema mama yangu hafundishi timu hii. Kisha, taratibu kabisa: anayekataa kuingia kesho, mwakani asitafute kabati lake hapa.

Sijamwambia Mama. Sijala.

Jumamosi, 19 Novemba

Niko chumba cha kubadilishia nguo, peke yangu. Mechi bado inaendelea juu, dari linatikisika kwa miguu ya watu. Naandika haraka, sijui kama nitaweza kuusoma mwandiko huu.

Robo ya pili. Filimbi ilishalia, mmoja wa Marlow akamrukia Babu magotini. Mguu ukakunjika kwa mbele! Babu hakulia, alitapika. Kocha akanikamata chuma cha uso wa helmeti, akanivuta.

"Ingia!"

"Kocha, hii ni ya tano."

"Najua kuhesabu! Ingia!"

Ndipo vurugu ikalipuka. Wetu wakamvaa yule aliyemvunja Babu, benchi lao likamiminika, ngumi, mateke, mtu anang'atwa sikio. Nikakimbia. Mpira ulikuwa umesimama. Nilijua umesimama. Nilijua vizuri sana!

Nikavua helmeti, nikaishika kwa kile chuma, nikaizungusha kwa nguvu zangu zote. Aliyekuwa mbele yangu hakuwa amemgusa Babu. Kijana mwembamba, kichwa wazi, anamvuta mwenzake kiunoni ili atoke kwenye ugomvi. Nilimwona. Mkono ulikuwa umeshaondoka. Au niliuacha uende – sijui. Ikampata juu ya sikio. Alianguka bila kunyoosha mikono.

Raha. Niliona raha, Mungu anisamehe, kwa kiasi cha pumzi moja. Kisha nikaona vidole vyake vinachezacheza vyenyewe.

Mwamuzi akanitoa.

Sasa hivi ameshuka Bi Ottley. Amesimama mlangoni. "Hukucheza hata mpira mmoja," amesema. "Mwaka wako uko salama." Ameyasema akiangalia ukuta.

Nikamuuliza yule kijana ni nani.

"Colby Renfroe. Wanampandisha kwenye helikopta. Hajafungua macho."

"Alikuwa amebakiza miaka mingapi?"

Hapo ndipo akaniangalia. "Yote. Hajacheza hata mechi moja. Mwaka wa jezi nyekundu, kama wewe. Mama yake yuko jukwaani."

Helikopta naisikia. Dari limeacha kutikisika.

Simu imetetemeka. Mama, yuko zamu, ameiba dakika chooni: *Redio ya msimamizi imesema Sims ameumia na wewe hukuingia. Mungu ni mwema! Wamekutunzia mwaka wako. Nipigie mwanangu nisikie sauti*

Nimeandika *Mama*. Nimefuta. Nimeandika tena.

Viatu vizito kwenye korido. Askari wawili. Mmoja anamuuliza Bi Ottley ni yupi kati yetu, na humu ndani niko peke yangu, na Bi Ottley anavua miwani, na simu inaita sasa, ni Mama