Pole kwa Msiba wa Mswisi

Dada Zuhura,

Hujambo wewe na wote nyumbani? Huku Stratford manyunyu hayakatiki, lakini mimi nimevimba kichwa kwa fahari, unistahamilie.

Jana Salma wangu alitoa mhadhara chuoni kuhusu yule mwanasiasa wake wa Uswisi ya karne ya kumi na tisa, ambaye wewe humwita “mzungu asiyetuhusu.” Alisimama mbele ya maprofesa bila karatasi. Akasimulia jinsi mtoto wa mwoka mikate alivyokuwa wakili, akafungwa kwa kudai maskini nao wapige kura, kisha akaingia bungeni na kupigania shule za bure. Aliposema kwamba bwana yule alikufa kabla ya kuiona katiba mpya aliyoihangaikia, machozi yakanitoka.

Mstari wa mbele alikaa mzee mmoja, kitukuu wa marehemu. Kwetu mfiwa hapitwi bila kupewa mkono. Nikamwendea, nikamshika kwa mikono miwili, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule, “Pole kwa msiba, mzee. Mungu akupe subira.”

Salma akaninong'oneza, “Mama, huyo kafa zamani, hata wajukuu zake washazikwa!”

Mzee hakuniachia mkono. Machozi yalimlengalenga. “Wengi wamenieleza habari zake,” akasema. “Pole nimepewa leo tu.”

Mungu akuweke, dada yangu, uje umsikie mwanetu. Ila uje na leso. Huyo asiyetuhusu utamlilia.

Mdogo wako,
Mwanaidi