Gunia Ulilombebea Ndugu Yako

Nyamira,
Alhamisi, Mei 1974.

Kwako shemeji Ondieki,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini u mzima huko Kericho, na kazi ya ujenzi haijakuumiza. Huku watoto hawajambo, mama mkwe hajambo, chai inachumwa. Ukiniuliza mimi, nimejaa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yako.

Kaka yako Machogu hawezi kuinama. Wiki iliyopita majani ya chai yalikuja yamelowa mvua, naye akaanguka kwenye ngazi za kiwanda na gunia mgongoni. Daktari alimpapasa akaniambia jeraha hili ni la zamani, na akibeba gunia jingine huenda asisimame tena. Nikashangaa. Si kiwanda hicho hicho humpima kila mtu nguvu kabla ya kumwandika kazi, tangu wale wabebaji wa mwaka jana walipovunjika migongo? Mtu anainua gunia, anapanda nalo ghorofani, msimamizi anamtazama. Machogu alipita vipi?

Nilimbana hadi akasema. Lo! Kumbe tangu alipoanguka kutoka kwenye mkaratusi mgongo haukupona, na siku ya kupimwa ukaenda wewe, kwa vile mnafanana sura, ukaitika jina lake! Akaniambia bila haya kwamba ndugu akichoka kulima, ndugu hushika jembe, kuna ubaya gani? Shemeji, kwani kile kiwanda ni shamba la mama yenu? Ulimshikia jembe asubuhi moja, halafu ukapanda basi ukamwacha na magunia ya kila siku. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyinyi wawili mmeyaficha ndani ya nyumba yangu.

Sasa sikia. Bwana Makori, msimamizi, anasema mtu aliyepanda ngazi na gunia siku ya kupimwa huku anapiga mluzi hawezi kuwa na mgongo mbovu, eti Machogu anajifanya. Ameamuru arudi Jumatatu abebe, au aende zake. Na kaka yako kwa kiburi chake anasema atarudi. Anaapa afadhali afe na gunia kuliko kuitwa mwongo. Si ni mwongo kweli!

Basi ujue na hili. Nimekwenda kiwandani bila yeye kujua, nikamweleza Makori yote, nikakutaja jina. Alicheka. Alisema kila mke ana hadithi ya kumwokoa mume mvivu, na kama huyo ndugu yupo, aje ainue gunia mbele yake. Kazi itapotea, najua, na ipotee. Mimi namtaka mume wangu, hata akishinda kitini ananung'unika.

Barua hii anakuletea jirani yetu Nyangau. Akirudi Jumapili, panda basi naye, uje uinue gunia mbele ya Makori apate kuamini. Usipokuja, Jumatatu nitalala kwenye ngazi zile, na Machogu atanikanyaga ndipo apite.

Watoto wanakusalimu sana. Mama mkwe kila siku ananiuliza kwa nini mwanawe anatembea ameshika ukuta. Utamjibu wewe.

Ni mimi shemeji yako,
Gesare