Amina ya Mzee Severin

Yusta, uko hewani? Nimeaibika, sijui nijifiche wapi.

Leo si tulikuwa Lushoto kuwaenzi wanasheria wa zamani wa chuo chetu, na mimi ndiye mshereheshaji. Nikafika kwenye jina la Mzee Severin, yule aliyewatetea bure wachuma chai miaka ya ubinafsishaji. Simjui hata kwa sura.

Nilikuwa nimesikia kuna msiba kwao Mgwashi. SIKUPIGA SIMU KUULIZA. Nikamsifu weee, kisha nikasema tusimame dakika moja tumkumbuke marehemu Severin. Watu wakatazamana, nikadhani ni huzuni.

Kumbe aliyefariki ni mdogo wake!

Mzee mwenyewe alikuwa ukumbini, Yusta. Akasimama na wenzake, akavua kofia. Nikasema apumzike kwa amani, akajibu amina. AMINA!

Nikaita mwakilishi wa familia apokee tuzo. Akaja yeye na fimbo yake, akaniambia jina lake.

Nikapiga magoti palepale, shikamoo yenyewe haitoki. Akaniinua. "Marahaba, mwanangu. Usilie. Wenzangu walisifiwa wakiwa kaburini. Mimi nimesikia kwa masikio yangu."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi niko chooni, bado nalia.

Bora angenitukana.